Fundi wa Mashua Isiyofika Kitale

Kila kifaa kilichofika mezani pake kilipokelewa kwa swali moja. Ungemletea redio, pasi ya umeme au simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maziwa, naye kabla hajashika bisibisi angekuuliza, "Ilisema nini mwisho?" Watu walicheka. Mama mmoja muuza mboga alimjibu kwamba redio yake ilimalizia na matangazo ya vifo, kwa hiyo pengine ilikufa kwa huzuni. Fundi hakucheka. Alitaka kujua kama sauti ilikatika ghafla au ilififia polepole, kama kulikuwa na harufu, kama taa ilipepesa. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fizikia na dharau nyingi, nikaliona swali lile kuwa uganga mtupu. Ilinichukua miezi kadhaa kuelewa kwamba nusu ya kazi yake ilifanyika katika lile jibu.

Namwita Fundi kwa sababu hakuna aliyemwita vinginevyo. Hata barua chache zilizomfikia ziliandikwa "Fundi, nyuma ya posho mill, Kitale". Chumba chake kilikuwa cha mabati, kimeegemea ukuta wa kinu hicho cha kusaga mahindi, na vumbi jeupe la unga lilikuwa limekaa juu ya kila kitu isipokuwa meza yake. Nilikwenda pale kutengenezewa chaja ya laptop. Nilibaki karibu miaka miwili. Sikuwa na kazi, yeye hakuwa na mtu wa kubishana naye, na hakuna aliyewahi kusema kwamba sasa mimi ni mwanafunzi wake.

Redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua alizipanga kwenye rafu, na zote aliziwasha kwa sauti ya chini, kila moja stesheni yake. Moja ilihubiri, nyingine ilitaja bei ya mbolea, ya tatu ilicheza muziki wa zamani. Mtu akiingia alisikia kama amefika kwenye nyumba yenye wageni wengi chumba cha pili. Nilimuuliza anasikiliza ipi. "Hakuna," akasema. "Wanaongea tu wenyewe." Mke wake alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Alilala kwenye kijichumba kilichokuwa nyuma ya pazia, na chakula cha mchana alikula amesimama, sufuria mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa. Stima zikipotea, redio zote zilinyamaza kwa pamoja, naye aliacha kazi akatoka nje hadi zirudi. Alisema ni joto. Kitale ya mwezi wa saba, joto gani?

Alikuwa na misemo, na mimi niliipinga karibu yote. "Mashine haidanganyi," alipenda kusema, "inaongea tu lugha hujui." Nilimwambia mashine zinadanganya kila siku, kipimajoto kikiharibika kinakupa nyuzi za uongo bila haya. Akafikiri, akasema hapo si mashine iliyodanganya, ni aliyeiamini bila kuipima. Tulibishana hadi mwenye kinu akaja kutazama kama tunapigana. Msemo mwingine ulikuwa "waya haina aibu", maana yake waya uliokosewa utakuonyesha kosa lake papo hapo, hautalificha kwa ajili ya heshima. Huo sikuupinga. Niliuona mdogo, nikaupita.

Hakuamini kubahatisha, lakini televisheni ikimshinda aliipiga ngumi ubavuni, na mara nyingi ikakubali. Aliwatania wahubiri wa sokoni, ila Jumapili hukumpata kazini hata ungelia. Aliniita msomi, neno alilolitamka kama mtu anayetaja ugonjwa usio mbaya sana, kisha wateja wakija aliwaambia kwa fahari, "Muulize huyu, yeye amesoma." Na yeye, aliyekuwa mtu pekee kati ya Mlima Elgon na Webuye aliyejua kutengeneza vyombo vya mashua, aliogopa maji. Aliwahi kupita Kisumu kwa basi, akaliona ziwa dirishani, akageuza uso akatazama upande wa maduka.

Kuhusu mashua, mtu wa kulaumiwa alikuwa daktari wa meno. Alifanya kazi mjini kwetu hadi alipostaafu, kisha akahamia Kisumu, ambako alikuwa na mashua ndogo ya tanga. Zamani, akiwa bado Kitale, alimletea Fundi kifaa kilichomshinda kila mtu. Kiliitwa otopailoti, nacho kilikuwa mkono wa mashine unaoushika usukani wa mashua na kuusukuma kushoto au kulia kwa kufuata dira, ili mtu aliye peke yake majini apate nafasi ya kufunga tanga au kunywa chai. Fundi aliuliza swali lake, daktari akajibu kwamba kilikuwa kikilia kama mbu kabla ya kufa, na baada ya wiki moja kikapona. Tangu hapo kikiugua kilipandishwa basi la mizigo hadi kwetu, kikalazwa mezani, kikarudishwa. Ile mashua yenyewe haikuwahi kufika Kitale, ingefikaje, na Fundi hakuwahi kushuka Kisumu kuiona.

Katika mwaka wangu wa pili pale, daktari alituma maboksi mawili. La kwanza lilikuwa na vyombo vipya vya mashua, kimoja cha kupima upepo, kimoja cha kupima kina cha maji, kimoja cha kuonyesha mahali ulipo. Vile vya zamani vilikuwa vimekufa vyote. La pili lilikuwa na otopailoti ileile, nzima kabisa. Shida ilikuwa kwamba vipya na cha zamani havikuelewana. Vipya vilizungumza vyote kwa pamoja katika waya mmoja mnene, haraka, kama akina mama sokoni. Otopailoti ilizoea kusikiliza msemaji mmoja, polepole, kupitia nyaya mbili nyembamba. Dukani walimwambia daktari atupe ya zamani anunue mpya. Bega lake lilikuwa bovu na hakuweza tena kukaa na usukani kutwa, lakini alikuwa mtu wa aina ya Fundi, hakutaka kutupa kitu kizima.

"Mzee wako akiwa hasikii Kiingereza unamtupa?" Fundi aliniuliza. "Si unatafuta mtu wa kutafsiri?"

Mtafsiri alikuwa kisanduku kidogo ambacho tungekiunda na kukiweka katikati. Nasema tungekiunda, lakini hapo ndipo binti yake anapoingia.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akiishi Kanduyi na familia yake, na alikuja kumwona baba yake kila alipopata nafasi. Siku ile alimkuta amejichoma vidole viwili kwa chuma cha kulehemu, kile chuma cha moto cha kuyeyushia risasi juu ya nyaya. Halikuwa jeraha kubwa. Lakini yeye alitazama vidole, akatazama pazia, sufuria, rafu ya redio zinazonong'ona.

"Baba, unaishi na redio," alisema. "Twende nyumbani. Chumba kipo."

Walibishana kwa Kibukusu, na mimi nikajifanya nafagia. Kisha Fundi akageukia Kiswahili, nadhani ili nisikie.

"Hii ya daktari nimalize na mikono yangu. Ikifanya kazi, uniache hapa. Ikikataa, kuja na gari."

"Mikono yako peke yako?"

"Peke yangu. Huyu msomi akae huko."

"Haya. Wewe msichana ndiye shahidi," binti akaniambia, na sura yake haikuwa ya utani.

Kwa hiyo nilikaa huko. Majuma mawili nilimtazama mtu akifanya kazi ambayo nilisomea, bila kugusa hata msumari. Nakiri alikuwa mwepesi kuliko mimi. Alisoma vitabu vya maelekezo kwa kioo cha kukuza, akachora kwenye karatasi ya unga njia ambayo kila neno lingepita. Jambo moja tu lilinisumbua, tena sikulijua kuwa linanisumbua. Asubuhi moja alinipa kikombe cha maziwa, akaniuliza kama yameharibika. Nilionja, yalikuwa mazuri. "Naona kama yamekuwa ya manjano," akasema, akayamimina kwenye chai.

Siku ya kuunganisha ilifika. Kipima upepo alikifunga kwenye mti mrefu juu ya paa. Akawasha. Kwenye kioo cha otopailoti, mahali pa namba za upepo, pakatokea vistari vitupu. Akazima, akawasha. Vistari. Alipima kila waya kwa mita, na mita ikalia vizuri kila mara, kwa sababu mita inajua kama waya umekatika, haijui kama umekwenda nyumba isiyo yake. Siku tatu alikaa na vile vistari. Alianza kupunguza sauti za redio, moja baada ya nyingine, hadi kinu kilipopumzika tukasikia panya darini.

Mimi nililiona kosa siku ya pili. Zile nyaya mbili nyembamba, mmoja mweupe na mmoja wa manjano, zilikuwa zimepishana. Mweupe ulikaa mahali pa manjano, wa manjano mahali pa mweupe. Hapo nikayakumbuka maziwa.

Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu. Badala yake nilijijengea hoja kama wakili: mapatano yanasema mikono yake peke yake, nikimwambia nitakuwa nimesaidia, nikisaidia atakuwa ameshindwa, akishindwa gari litakuja. Lakini nikitengeneza bila yeye kujua, basi kwa kadiri anavyojua yeye, mikono ni yake. Mtu anayejisifu kwamba huhoji kila kitu angepaswa kuihoji hoja hiyo. Sikuihoji, kwa sababu iliniruhusu kufanya nilichotaka.

Saa nne kila asubuhi alikwenda kibandani kuleta chai, na alichukua dakika ishirini kwa sababu ya kusalimia watu. Siku ya nne alipotoka, nilipasha moto chuma cha kulehemu, nikatoa nyaya ndani ya kisanduku, nikazibadilisha, nikafunga kifuniko.

Kuna desturi yake moja ambayo sijaisema. Kila kifaa alichokifungua, kabla hajakifunga aliandika kwa penseli upande wa ndani wa kifuniko alichokikuta na alichokifanya, kwa maneno machache. Nimefungua redio kuukuu nikakuta mwandiko wake mara tatu, ya kwanza imefifia kabisa. Akikuta kifaa kimeguswa na fundi mwingine asiyeandika kitu, alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona akikasirikia jambo lolote. "Huyu amepita kama mwizi," alisema. Siku hiyo nilifunga kifuniko bila kuandika.

Alirudi, akaweka vikombe. Akapitisha kiganja juu ya meza, polepole, kama mtu anayetafuta miwani, kikatulia karibu na kile chuma. Kisha akawasha. Namba zikaja. Upepo wa Kitale, ule unaoshuka kutoka mlimani, ukasomeka kwenye kioo cha mashua, na mkono wa otopailoti ukajisukuma kidogo, ukatulia, ukajisukuma tena. Mwenye kinu alikuwa mlangoni, akapiga makofi.

"Haya," Fundi akasema. "Imesikia."

Akaenda kunawa mikono. Nilidhani ni uchovu.

Ilibaki kuijaribu dira ya otopailoti, na dira ya namna ile lazima izungushwe duara taratibu mbali na chuma. Mashua huzungushwa majini. Sisi tulikuwa na uwanja wa shule ya msingi. Jaribio la kwanza tulitumia mkokoteni, na dira ikaupenda mhimili wa chuma wa mkokoteni kuliko kaskazini. Basi Jumapili, baada ya ibada, Fundi aliivunja sheria yake mwenyewe. Aliibeba dira juu ya sinia la mbao, akiwa amevua mkanda kwa sababu ya bizimu yake ya chuma na kufunga suruali kwa kamba ya katani. Mimi nilimfuata hatua kadhaa nyuma na betri, otopailoti na vile vyombo vingine, waya ukining'inia kati yetu kama kitovu. Tulizunguka uwanja mara mbili. Waumini walisimama kwenye ua wakitazama.

"Ati hiyo ni maombi ya mvua?" mzee mmoja akauliza.

"Si mvua ilinyesha jana, bana," mwingine akamjibu. "Hiyo lazima ni ya mke."

Kisha Fundi aliiwekea otopailoti mahali pa kwenda. Alichagua Kiminini, kwa sababu ndipo alipozijua njia zote. Tulitembea kuelekea kusini kwenye majani, tukipindisha njia kwa makusudi, na kila tulipopinda ule mkono ulijisukuma kuturudisha. Mashua ambayo haikuwepo ilikuwa ikielekea Kiminini bila kukosea. Nilicheka hadi nikaketi. Yeye alisimama na sinia lake katikati ya uwanja mtupu, akitazama upande ambao mkono ulikuwa ukielekeza, na akasema kwa sauti ya chini kwamba inajua njia kuliko yeye.

Tukafunga maboksi. Daktari alipiga simu kutoka ziwani, sauti yake ikipasuka kwa upepo, akasema ameachia usukani na anakunywa chai. Nilihesabu kwamba nimemwokoa mtu.

Muda mfupi baadaye nilipata nafasi ya kufundisha kwa muhula mmoja huko Cheptais. Niliporudi nilikuta kufuli mlangoni. Mwenye kinu alinishangaa. "Ati hukujua? Pickup ilikuja. Redio zote ameniachia mimi, na siwezi hata kuziwasha, zinaniogopesha."

Nilijaa hasira, ile safi ya mtu anayedhani yuko upande wa haki. Binti alikuwa ametoa neno, mimi nikiwa shahidi, na amelivunja. Jumamosi iliyofuata nilishuka Kanduyi, hotuba yangu ikiwa tayari. Alinipokea kwa chai na ndizi. Nilianza hotuba kabla sijaketi.

"Dada, ngoja," akasema. "Mimi sikumchukua. Alinipigia simu mwenyewe. Alisema, 'Imekataa. Kuja na gari.'"

"Lakini ilifanya kazi."

"Nilimwambia hivyo. Akasema mapatano ni mapatano." Akanitazama, si kwa ukali. "Muulize mwenyewe. Yuko nyuma."

Alikuwa ameketi kwenye benchi ukutani, kwenye jua. Kutoka uwanja wa mpira zilikuja kelele za watu wengi, zikipanda na kushuka, naye alikuwa amezigeuzia sikio jinsi alivyokuwa akizigeuzia redio. Mbele yake palikuwa na kiti chenye redio moja ndogo ya jirani, imefunguliwa. Alikuwa amekonda. Nilimsalimia. Akasogeza kichwa kutafuta umbo langu kwenye mwanga.

"Msomi," akasema. "Cheptais iko na baridi?"

Nilimwambia iko nayo. Tukakaa. Aliniambia ameambiwa hospitalini kwamba macho yana mtoto wa jicho na kwamba watayapasua, lakini foleni ni ndefu. Nikaona hapo ndipo pa kuingilia. Nikasema kumbe ni macho tu, yakipona atarudi Kitale, na kwamba ile kazi ya daktari ilikuwa yake, yote ilikuwa yake.

"Chuma kilikuwa moto," akasema.

Nikaitazama ile redio iliyofunguliwa.

"Nilirudi na chai, chuma ni moto. Na risasi yako huwa nyingi sana, kama ugali ya bweni. Baadaye nilifungua, nikapitisha kidole mahali pale, nikajua. Nyeupe na manjano, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Niliandika ndani ya kisanduku kabla hatujafunga maboksi. Nyeupe na manjano zilipishana, kosa la fundi. Imerekebishwa na mwenye macho. Sikuweka jina yako kwa sababu wewe hukuweka."

Nilijitetea. Nilimwambia kuhusu mapatano, na gari, na kwamba nilitaka abaki. Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyowasikiliza wateja wakieleza kifaa kilisema nini mwisho.

"Ungeniambia, mimi ni fundi aliyekosea," akasema. "Nimekosea mara ngapi? Naitoa, naiweka tena, na mikono yangu. Lakini ulinificha. Mtu hufichwa akiwa mgonjwa." Akakivuta kile kiti karibu. "Nikawaza, kama huyu ambaye hubisha hata salamu ameanza kunionea huruma, basi kazi imeisha."

Uwanjani watu walipiga kelele kubwa, pengine ni bao. Binti alichungulia mlangoni, akarudi ndani.

Aliirudia redio ya jirani. Alikuwa akiunganisha nyaya za spika, mbili, kwa kupapasa, vidole vikipima umbali kutoka ukingoni kama mtu anayehesabu milango gizani. Wa kwanza ulikaa sawa. Wa pili aliupeleka nundu moja ya risasi mbele ya pale ulipopaswa kukaa, akaushikilia hapo, akakinyoshea mkono wa pili chuma cha kulehemu.

Niliangalia. Nilijua kwamba ningeweza kungoja aingie ndani kunywa maji.

"Fundi," nikasema, "hapo umekosea."

Mkono wake ulisimama hewani. Akageuza uso kuelekea sauti yangu, na kwa muda sikujua kama nimemjeruhi. Kisha akajivuta upande mmoja wa benchi, akaniachia nafasi.

"Wapi?"

Nikaketi, nikakichukua kidole chake, nikakiweka penyewe. Akaurudisha waya mwenyewe, akaulehemu mwenyewe, kwa risasi kidogo sana, ya kumaliza ubishi. Halafu akachomoa penseli nyuma ya sikio, akaijaribu ncha kwa kidole gumba, akanipa pamoja na kifuniko.

"Andika," akasema. "Na jina."